Mwalimu Aliyejua Chakula cha Kila Chuo

Nilianza kumwonea Mwalimu wivu kabla hatujawahi kula meza moja, na nikaendelea kumwonea hata baada ya kula naye mara nyingi. Nasema hivi mapema ili mtu asifikiri kwamba hizi ni sifa za rafiki. Nilimheshimu, ndiyo. Kila mtu katika nyumba za reli za Nakuru alimheshimu. Lakini unaweza kumvulia mwenzako kofia asubuhi, na jioni ukatamani ahamishwe apelekwe mbali.

Jina lake silitaji, kwa sababu hata wakati ule hakuna aliyelitumia. Wazazi walimwita Mwalimu, karani wa posta alimwita Mwalimu, na mke wake mwenyewe, akimwita chakula kikianza kupoa, alipaza sauti, "Mwalimu, ugali!" Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, na alivaa kaptura ya kaki na soksi ndefu hata Jumapili. Viatu vyake vya raba alivipaka chaki ya shule kila Jumatatu. Mifukoni alibeba viberiti vitatu au vinne, na hakuvuta sigara. Ndani ya viberiti kulikuwa na mende wa shambani, mabawa ya kipepeo, mbegu za miti. Akikusalimia kwa mkono, ulisikia viberiti vikichakacha.

Miaka ile ziwa lilikauka sana kiangazi, na upepo wa alasiri ulileta vumbi jeupe la magadi mpaka mjini. Akina mama walianua nguo na kufunga madirisha. Mwalimu alitoka nje na leso, akaikunjua kama anayekinga mvua, akarudi ndani kutazama kilichonasa kwa lenzi yake. Mke wangu alikuwa akicheka mpaka machozi. Binti yetu Nafula hakucheka. Alivuka barabara akaenda kutazama naye.

Hapo ndipo mambo yangu na Mwalimu yalipoanzia.

Mimi nilikuwa fundi rangi katika karakana ya reli. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba na herufi kwenye mabehewa. Wengine walitumia chapa ya bati, wakapaka juu yake na kuondoka. Mimi niliandika kwa mkono, na msimamizi, Mzungu asiyesifu kitu, aliniachia mabehewa ya abiria kwa sababu herufi zangu hazikuhitaji kurudiwa. Nafula ndiye mtoto wetu wa kwanza. Shule zikifungwa aliniletea chakula karakana, akakaa juu ya debe lililopinduliwa, nami nikamfundisha, na jioni tuliendelea kwenye meza ya nyumbani. Nilimwonyesha jinsi ya kushika burashi bila kuikaba, jinsi ya kuvuta pumzi kabla ya mstari mrefu na kuiachia ukishamalizika. Alipofika miaka kumi aliweza kuchora kichwa cha mke wangu kikiwa kimeinama juu ya sufuria, nawe ukajua ni yeye kwa mgongo tu. Mkono ule ulitoka kwangu. Nilikuwa na vitu vichache vya kumwachia mtoto, na hicho kilikuwa kimoja.

Mwalimu hakuweza kuchora hata kikombe. Hili lilikuwa ajabu lake kubwa. Alifundisha sayansi na hesabu katika shule ya kati, na ubaoni moyo wa mtu ulifanana na kiazi. Basi siku moja akaja kwangu na karatasi kubwa na kuomba nimchoree flamingo wa ziwani, mzima, pamoja na miguu, apate kumtundika darasani. Nilimchora jioni tatu. Nilimpa rangi ya waridi niliyochanganya mwenyewe, na miguu mirefu yenye goti linalokunjika kuelekea nyuma, kama walivyo, na pembeni nikaandika jina la kila kiungo.

Mwalimu aliitazama picha kwa muda mrefu. "Fundi," akasema, "huyu anapumua."

Nikafurahi. Kisha Nafula, aliyekuwa na miaka kumi na mbili, akaweka kidole kwenye picha yangu. "Baba, umeandika goti hapa. Hilo si goti, ni kifundo cha mguu. Goti liko huku juu, limefichwa na manyoya. Mwalimu alituonyesha mifupa."

"Nani amekuuliza?" nikamwambia.

"Lakini ndivyo ilivyo, Baba."

Nilimtazama Mwalimu, nikitarajia amkemee kwa kumsahihisha baba yake mbele ya mgeni. Hakumkemea. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la mzazi. Nililala nalo siku nyingi.

*

Alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, lililowahi kubeba chai. Ndani mlikuwa na vyuo. Sijui nisemeje vinginevyo. Kwa miaka mingi Mwalimu aliandikia vyuo barua, vya karibu na vya ng'ambo, akiomba vijitabu vyao, navyo vilimjia kwa posta, vingine vikiwa na picha za majengo yenye theluji. Alivisoma kama watu wanavyosoma Maandiko. Mzazi yeyote mwenye mtoto aliyefaulu alipelekwa kwa Mwalimu, na Mwalimu alivuta sanduku, akapangusa meza, akaanza.

"Usiulize ada kwanza," alikuwa akisema. "Uliza wanakula nini na wanalala wapi. Ada inaandikwa mbele. Njaa haiandikwi."

Na tena: "Chuo cha bei nafuu ni kile ambacho mtoto anaweza kurudi nyumbani kutoka huko. Kama nauli inamfunga miaka minne, umelipa zaidi ya unavyojua."

Alijua chuo gani kinatoa uji asubuhi na kipi kinatoa mkate. Alijua wapi mwanafunzi anajinunulia shuka. Alijua kwamba huko India ada ingeweza kusamehewa lakini meli haisamehewi. Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, askari walipopekua nyumba zetu wakitafuta waasi, walilikuta sanduku, na mkubwa wao akaona stempu za nchi kumi. "Hii ya India ni ya nini? Na hii ya Amerika?"

"Ya kusomea miti, bwana," Mwalimu akajibu. "Ngoja nikusomee." Akaanza kuwasomea, chuo baada ya chuo, masharti ya kuingia, idadi ya mablanketi, saa za maktaba, mpaka mkubwa wa askari akasema basi, mzee, funga sanduku lako, na wakaenda nyumba nyingine. Tulisimuliana kisa hicho mwaka mzima. Mimi pia nilikisimulia, na kila nilipokisimulia niliona macho ya Nafula yaking'aa kwa fahari, nikatamani ningekuwa na kisa kama hicho changu mwenyewe.

Lakini Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuingia chuo chochote kati ya hivyo. Alisomea ualimu mahali padogo, miaka miwili, na basi. Hakuwahi kuvuka mpaka. Treni alikuwa anaiogopa. Akienda Gilgil kwa mikutano ya walimu alipanda lori. Nilimuuliza mara moja kwa nini hakwenda yeye, na akili zote zile. Alifungua kiberiti kimoja, akakifunga. "Wakati wangu walitaka uchague," akasema. "Uwe mtu wa vitabu vya mashairi na picha, au mtu wa chupa na mifupa. Nilichelewa kuchagua." Halafu akaniuliza kuhusu bei ya tapentaini.

Alikuwa na kasoro zake. Aliyesema kila siku kwamba sayansi na uchoraji vinatoka kwenye jicho moja ndiye aliyewachapa viboko watoto waliochora kwenye daftari za hesabu. Alikuwa bahili wa karatasi. Hakuweza kukubali kushindwa katika mchezo wa bao, na akishindwa alisema taa ilikuwa hafifu, hata mchana. Akiwa na mgeni mjinga alimsikiliza kwa upole mpaka mgeni akaaibika. Mimi nilikuwa mgeni huyo mara kadhaa.

*

Nafula alipata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana huko kwetu magharibi. Barua zake zilikuja mbili mbili, moja nyumbani, moja kwa Mwalimu. Nilikuwa nikienda posta mimi mwenyewe, na ile ya Mwalimu niliipima kwa vidole kabla ya kumpelekea. Daima ilikuwa nene zaidi. Ya kwetu ilisema hamjambo, mimi sijambo, mvua imenyesha. Ya Mwalimu ilikuwa na majani makavu ndani, niliyasikia yakivunjika.

Akija likizo, aliteremka kwenye treni, akanisalimu, akamsalimu mama yake, na kabla kamba ya sanduku haijafunguliwa alikuwa amevuka barabara. Mke wangu aliniambia niache kununa. "Anaenda kuzungumza masomo. Wewe utamwambia nini kuhusu masomo?" Hakukusudia kuniumiza. Ndiyo sababu niliumia.

Katika mwaka wake wa mwisho shuleni, Mwalimu alituita sote watatu. Meza ilikuwa imepanguswa. Vijitabu vinne vilikuwa vimepangwa, na Nafula alikaa upande wa Mwalimu, si upande wetu.

"Huyu mtoto," Mwalimu alianza, "anataka mimea na anataka kuchora. Vyote viwili. Nimeandikia vyuo kumi na kimoja kuuliza kama inawezekana. Saba vimejibu achague. Hiki cha ng'ambo kinakubali, lakini baba yake angeuza nini? Hiki cha India, nimewaeleza habari ya meli. Chuo kipya cha Nairobi wanasema bado hawajapanga vizuri. Kinabaki hiki cha Kampala."

Alifungua kijitabu mahali palipokuwa na unyasi wa alama. Huko Kampala, akasema, anayesomea ualimu huruhusiwa masomo mawili, hata kama moja liko kwenye maabara na lingine liko kwenye idara ya uchoraji. Baraza la wilaya ya kwetu lingeweza kusaidia ada. Malazi na chakula ni humo humo. "Uji, maharage, ndizi, nyama mara mbili kwa wiki," akasema kwa furaha, kama aliyekwisha kula. "Na nauli ndiyo ingetushinda, lakini hapo unaingia wewe, Fundi. Mfanyakazi wa reli anapata pasi ya familia. Treni inapita hapa hapa Nakuru."

"Mwalimu amefikiria kila kitu, Baba," Nafula akasema.

Nilikuwa nimekaa na mikono yangu yenye rangi chini ya meza. "Kwa nini asisomee kuchora peke yake?" nikauliza. "Ana mkono. Mnataka kumgawanya katikati."

"Sigawanywi, Baba. Nikichora jani bila kujua linakunywa maji vipi, nachora nguo tu."

"Hayo maneno ni ya nani?"

Mwalimu akajibu kwa sauti ya chini, "Ni yake. Mimi pia nimeyasikia leo."

Sikuamini. Nilitoka pale nikijiambia kwamba mimi nilikuwa pasi ya treni, na yeye alikuwa baba.

*

Fomu ilihitaji sahihi ya mzazi. Mwalimu aliijaza yote kwa mwandiko wake mbaya, akaniachia niweke sahihi na kuipeleka posta, kwa sababu, alisema, ni haki ya baba kuipeleka. Nafula alikuwa amerudi shuleni. Nikaweka sahihi jioni hiyo hiyo. Kisha nikaiweka fomu karakana, kwenye rafu, chini ya makopo ya rangi nyeusi.

Sikukusudia kuizuia. Nimejieleza hivi mara nyingi, na ni kweli kidogo. Nilitaka ikae kwangu siku mbili, kitu kimoja cha Nafula ambacho kiko mikononi mwangu tu. Siku mbili zikawa wiki. Kila asubuhi niliitazama na kila asubuhi nikasema kesho. Mwalimu alinikuta sokoni akauliza, "Ile fomu ilikwenda, Fundi?"

"Ilikwenda," nikamwambia.

"Vizuri." Akaniangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaenda zake kununua sukuma wiki.

Siku ya kumi na nane mke wangu alisema, akiwa anakunja nguo, kwamba ameota Nafula amevaa joho na hakutuona katika umati. Kesho yake saa ya chakula nilikimbia mpaka posta na bahasha iliyokuwa na doa la rangi nyeusi pembeni. Karani akaigonga muhuri, njiani nikirudi nikahesabu siku mpaka tarehe ya mwisho ya fomu, nikajua haitawahi.

Jibu lilikuja kwa anwani ya shule ya Mwalimu. Mwalimu alilileta nyumbani kwetu likizo ile, Nafula akiwepo. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti. Alimpa Nafula karatasi moja, naye akaisoma, akaikunja, akaisoma tena. Fomu imefika baada ya siku ya mwisho. Nafasi zimejaa. Ajaribu mwakani.

"Imechelewaje?" Nafula akauliza. Aliniangalia mimi.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, nilikuwa nimeufungua.

"Kosa ni langu," Mwalimu akasema. "Niliisoma tarehe vibaya. Nilimwambia baba yako bado kuna muda wa kutosha."

Mtu yule, aliyejua tarehe za vyuo vya mabara matatu! Nafula alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kulia kimya kimya, na Mwalimu akasimama pale pale akipokea lawama isiyo yake. Mimi nikafunga mdomo.

Nanyi mnaweza kukisia kilichofuata. Msichana mwenye cheti, bila chuo, hakai bure mwaka mzima. Shule ya Mwalimu ilihitaji mwalimu msaidizi. Basi Nafula akafundisha huko mwaka wote, mlango wa pili kutoka darasa la Mwalimu. Walikwenda pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni, wakisimama kila hatua kuokota kitu. Jumamosi waliwapeleka watoto kwenye mteremko wa Menengai, Nafula akichora, Mwalimu akitaja majina. Nami nilikaa dirishani na kuwatazama. Nilichokizuia wiki tatu nilikuwa nimempa Mwalimu kwa miezi kumi na miwili, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka uliofuata Mwalimu alijaza fomu tena, na safari hii hakuniachia. Aliiweka mezani, nikatia sahihi, akaichukua akaipeleka mwenyewe. Nafula akakubaliwa. Siku ya kuondoka Mwalimu hakuja karibu na treni; alisimama nje ya uzio wa stesheni na soksi zake ndefu, akipunga leso.

*

Nafula alikuwa katika mwaka wake wa tatu Kampala niliposikia kwamba Mwalimu amestaafu na anahamia kwa ndugu wa mke wake, upande wa Njoro. Nilimkuta akifunga vitu. Mkewe alikuwa ametangulia na lori la kwanza. Nyumba ilikuwa tupu, mwangwi kila mahali, na tulikaa juu ya magunia ya vitabu kwa sababu viti vilikuwa vimekwenda. Alikuwa amezeeka ghafla. Alimimina chai polepole.

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. "Mwalimu, ile fomu. Ya mara ya kwanza."

"Siku kumi na tisa," akasema.

"Ulijua?"

"Barua ya chuo ilitaja tarehe ya muhuri wa posta. Na bahasha walisema ina rangi." Akanywa chai. "Sikujua sababu. Baadaye nilikuona dirishani, nikajua."

"Basi kwa nini ulibeba kosa langu? Mtoto alilia mbele yako. Ungesema tu."

Aliweka kikombe sakafuni, mbali na vitabu.

"Fundi, usinishukuru. Bahasha ya jibu la chuo ilikuwa na barua mbili. Ya Nafula, na nyingine yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyempendekeza. Yangu ilisema kwamba wameona alama zake, na kama kuna sababu ya fomu kuchelewa, niwaandikie ndani ya siku kumi na nne, watamtafutia nafasi."

Nilimtazama.

"Sikuandika," akasema. "Nilikaa na kalamu siku zote kumi na nne. Ningeandika nini? Kwamba baba yake ni mgonjwa. Kwamba mimi ni mgonjwa. Uongo wowote ungetosha. Lakini miaka yote nilikuwa nimewapeleka watoto wa watu vyuoni, wanapanda treni, wananiandikia mara mbili, basi. Huyu nilitaka nibaki naye mwaka mmoja. Kwa hiyo niliposema kosa ni langu, nilikuwa nasema kweli."

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini. Labda kumpiga, mzee yule aliyekaa juu ya magunia. Nilitembea mpaka dirishani, nikaona nyumba yangu ng'ambo ya barabara, ndogo, karibu kuliko nilivyofikiri. Mtu aliyekaa pale angeweza kuona kila kitu mezani kwetu. Angeona baba akimshika binti mkono ili asiikabe burashi.

"Ulikuwa unatutazama," nikamwambia.

"Mkiwa mnachora? Kila likizo." Akacheka kidogo bila furaha. "Mimi siwezi kuchora hata kikombe."

Nikarudi kuketi. Nikamwambia kwamba Nafula atakuja Desemba, na itabidi asikie, kutoka kwetu sote wawili, tukiwa pamoja. Akakubali. Akauliza kama nadhani atatusamehe. Nikasema sijui, na kwamba kama atamsamehe yeye kwanza, mimi sitavumilia. Alidhani natania.

Lori la pili lilikuwa lije jioni. Nilipaswa kurudi karakana. Sikuondoka.

"Ule mwaka," nikasema, "mlifanya nini?"

"Mwaka mzima?"

"Nieleze wote. Nilikuwa dirishani tu, sikusikia kitu."

Mwalimu alijifuta midomo kwa leso, akatafuta mahali pa kuanzia, akaanza na Jumatatu ya kwanza: Nafula alivyofika kabla ya kengele, alivyosahau jina la mtoto wa kwanza kumsalimu, alivyoficha mikono nyuma ili darasa lisione inavyotetemeka. Alieleza vizuri, taratibu, kama alivyokuwa akieleza kila kitu, nami nikasikiliza huku roho ikiniuma. Alipofika Jumatano nilimkatiza, nikamwambia ameruka Jumanne.